Mgongo Unauma: Je, Kosa ni la Spoku?



Huku kwetu Usukumani baiskeli ni miguu ya pili ya mtu. Pikipiki zimeingia vijijini, ni kweli. Lakini pikipiki hunywa petroli, na baiskeli hunywa jasho tu. Kwa baiskeli tunapeleka mahindi mashineni. Kwa baiskeli tunachota maji na kubeba mkaa. Kwa baiskeli tunaleta wagonjwa zahanati.

Mimi ni mganga katika zahanati ya kijiji. Umri wangu ni mdogo na elimu yangu ni ya cheti, lakini macho ninayo. Kila wiki napokea watu wanaoumwa mgongo, kiuno, au viganja vinavyokufa ganzi. Nikiwauliza kazi zao, wengi ni watu wa baiskeli. Tena wengi huja na jibu lao tayari. Hukaa kwenye benchi na kusema: "Daktari, ni gurudumu."

Watu hao wako makundi mawili. Kundi la kwanza husema gurudumu lililokazwa sana ni gumu kama jiwe, nalo linapiga uti wa mgongo. Hao huenda kwa fundi na kuomba spoku zilegezwe. Kundi la pili husema gurudumu legevu ndilo linalotikisa mwili na kumchosha mpandaji. Hao huomba spoku zikazwe, au hununua spoku nene. Fundi huwasikiliza wote, na huwalipisha wote. Simlaumu, maana naye ana watoto wa kulisha.

Maoni yangu ni haya. Mgongo wako hauwezi kutambua kama spoku za gurudumu ni ngumu au laini kidogo. Mgongo unatambua upepo wa tairi. Unatambua kiti, mzigo na mashimo ya barabara. Spoku zina kazi yake, tena kubwa, lakini si kazi hiyo. Na mtu anayetibu spoku huku anaumwa anaweza kuchelewa kupata tiba ya kweli. Hilo najua kwa sababu nilishiriki kumchelewesha mtu.

NILIVYOKOSEA

Mzee mmoja hapa kijijini alikuwa akibeba magunia ya mpunga kwa baiskeli kwenda mnadani. Alikuja zahanati akilalamika mgongo. Nilimwamkia, nikamkaribisha. Akaniambia: "Mwanangu, baiskeli yangu imekuwa ngumu. Inanivunja mgongo." Nilikubali upesi. Niliwaza, mzee anabeba gunia zima, barabara ni mbovu, maneno yake ni ya kweli. Nikampa vidonge vya kutuliza maumivu. Nikamwambia apunguze mzigo.

Baada ya mwezi mmoja alirudi. Alikuwa ameuza mbuzi. Fedha za mbuzi alinunua spoku nene 40 za gurudumu la nyuma, akamlipa fundi kuzifunga. Alinionyesha akifurahi. "Sasa ni afadhali, mwanangu. Naona kabisa tofauti." Nilifurahi pamoja naye. Nikampa vidonge tena, vichache.

Mara ya tatu alikuja na mkewe. Baiskeli alikuwa akiisukuma, hakuipanda. Mzee alianza kueleza tena habari za gurudumu, lakini mama akamkatiza: "Mbona humwambii daktari kwamba usiku unatota jasho? Mbona humwambii shati halikukai tena?"

Hapo ndipo nilipofanya kazi ambayo ningeifanya siku ya kwanza. Nilimpima joto, akawa na homa. Nilimpima uzito, nao ulikuwa umepungua. Nilimwambia avue shati, nikapitisha kidole juu ya uti wa mgongo wake, pingili moja baada ya nyingine. Katikati ya mgongo, pingili moja ilikuwa imetokeza nje. Nilipoibonyeza, mzee aliruka. Nikamwandikia barua ya kwenda hospitali. Huko walimpiga picha ya eksirei na kumpima. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu, lakini kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Wengi wetu tunajua kifua kikuu kinachokohoza. Lakini ugonjwa huo unaweza kuingia hata mifupani, na mgongo ni mahali unapopenda. Ukiachwa, huila mifupa ya mgongo na unaweza kumlemaza mtu miguu. Dawa zake zipo, na hapa nchini mgonjwa halipii. Mzee alizimeza kwa miezi mingi bila kukatiza, akapona. Lakini kabla ya hapo, yeye, mimi na fundi tulikuwa tumepoteza miezi mitatu tukiitibu baiskeli.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama mgongo unakuuma, kwanza jiulize maswali haya. Je, una homa, au unatoka jasho usiku? Je, unapungua mwili bila sababu? Je, mgongo unauma hata ukiwa umelala, na maumivu hayapungui baada ya majuma machache? Je, uliwahi kuanguka vibaya? Ukijibu "ndiyo" kwa swali moja, njoo zahanati, na ueleze yote. Na kama miguu inakosa nguvu, au sehemu za siri na mapaja kwa ndani vimekufa ganzi, au mkojo unakuzuia au unatoka wenyewe, usingoje hata kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Maumivu mengi ya mgongo si ya hatari. Huja kwa kazi na huondoka yenyewe kwa majuma machache, mradi mtu asilale kitandani mchana kutwa bali aendelee na kazi nyepesi. Lakini si yote. Mganga ndiye apambanue, siyo fundi.

SPOKU HUFANYA KAZI GANI?

Jambo la mzee lilinikera sana. Nilitaka kujua: ile nafuu aliyoisikia baada ya kufunga spoku nene, ilitoka wapi? Nikaanza kuchunguza gurudumu lenyewe.

Tazama kitanda cha kamba. Kamba haiwezi kusukuma kitu. Ukiisukuma inakunjamana. Kazi yake ni kuvuta. Kamba zote zikivuta sawasawa, mbao za kitanda hukaa imara na mtu hulala juu. Spoku ni vivyo hivyo. Ni waya mwembamba, unene wake kwa kawaida ni milimita 2. Ukiusimamisha mezani na kuubonyeza utapinda. Lakini ukiufunga juu ya mti, mtu mzima anaweza kuning'inia nao usikatike.

Katika gurudumu, kila spoku inavutwa kabla hujapanda. Inaivuta rimu kuelekea katikati, kwenye habu. Ukipanda, spoku chache zilizo chini, kati ya habu na ardhi, hupunguza mvuto wake kidogo. Zilizobaki hazibadiliki sana. Gurudumu likizunguka, kila spoku hupata zamu yake kufika chini. Baiskeli nyingi kubwa za kazi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Nyuma ni nyingi zaidi kwa sababu ndiko unakokaa wewe na ndiko unakokaa mzigo.

Sasa ukipanda, rimu inabonyea kiasi gani? Chukua rula ya mtoto wa shule. Tazama nafasi ndogo kabisa kati ya mistari miwili. Hiyo ni milimita 1. Chini ya uzito wa mtu, rimu nzima yenye spoku zake haibonyei hata kiasi hicho. Lakini tairi lenye upepo hubonyea milimita 5 au zaidi, na likikanyaga jiwe hubonyea zaidi ya hapo. Spoku nene hupunguza kule kubonyea kwa rimu, hilo ni kweli. Lakini hupunguza sehemu ya kitu ambacho hata milimita 1 hakifiki, wakati tairi chini yake linapanda na kushuka mara nyingi zaidi. Mgongo utajuaje?

Na kukaza spoku je? Hapa wengi watashangaa. Kukaza spoku zaidi hakulifanyi gurudumu kuwa gumu zaidi, mradi hakuna spoku iliyolegea kabisa. Nitatoa mfano wa mizani yetu ya kliniki, ile ya kuning'iniza watoto. Mtoto wa kilo 5 akiongezeka kilo 1, mshale husogea nafasi moja. Mtoto wa kilo 9 akiongezeka kilo 1, mshale husogea nafasi moja ileile. Haijalishi mizani ilikuwa imevutwa kiasi gani mwanzoni. Waya wa spoku nao uko hivyo. Uwe umekazwa sana au kiasi, uzito wako huubadilisha kwa kiasi kilekile.

Mhandisi mmoja wa Marekani, Jobst Brandt, alitoa kitabu kizima juu ya gurudumu la baiskeli mwaka 1981, na jambo hilo alilieleza humo. Hata hivyo huko Ulaya na Marekani watu wa mashindano bado wanabishana juu yake, na hununua magurudumu ya bei kubwa kuliko ng'ombe. Kwa hiyo tusicheke wenzetu wa kijijini.

TULIVYOJARIBU CHINI YA MWEMBE

Fundi wetu hakukubali maneno ya mizani. Alisema: "Daktari, wewe unapima watoto. Mimi nafunga magurudumu tangu hujazaliwa. Watu wanahisi." Nikamwambia: "Shikamoo fundi, basi tujaribu." Alicheka, akakubali.

Tulichukua baiskeli yake mwenyewe. Tulikuwa watu wanne: mimi, mwalimu mmoja, kijana wa mkaa, na mama anayeuza samaki wakavu. Kila mmoja alipanda kutoka mwembeni mpaka kisimani na kurudi. Kisha tukakaa nyuma ya kibanda, tusione. Fundi akakaza kila spoku ya gurudumu la nyuma nusu mzunguko. Tukapanda tena. Kisha akalegeza. Tukapanda tena. Upepo wa tairi haukuguswa.

Kijana wa mkaa alisema mara ya pili gurudumu lilikuwa gumu sana. Mwalimu akasema hapana, mara ya pili lilikuwa laini. Mama wa samaki alisema hakuona kitu, ila kiti kilimchoma. Mimi niliona kabisa kwamba mara ya tatu ilikuwa afadhali, nikaeleza kwa ufasaha.

Kisha fundi akafanya ujanja ambao hatukupanga. Alikaa na kifunguo chake dakika kumi, akigongagonga, bila kugeuza spoku hata moja. Akatuambia: "Haya, sasa nimekaza mara mbili." Tukapanda. Sisi watatu tulikuja na hadithi. Kijana alishika kiuno. Mimi nilisema mikono inatetemeka. Mama wa samaki peke yake alisema: "Ni ileile." Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilijifunza siku ile kwamba mwili husikia kile ulichoambiwa utasikia. Mzee wetu alikuwa ameuza mbuzi. Mtu aliyeuza mbuzi ni lazima aone tofauti.

Mwisho nilimnong'oneza fundi apunguze upepo wa tairi la nyuma, mikandamizo michache tu ya valvu. Hatukumwambia mtu. Wote walirudi wakisema neno moja kabla hata ya kushuka: "Mbona sasa ni laini?" Wakatazama tairi.

Sisemi kwamba watu wanne chini ya mwembe ni utafiti wa kitaalamu. Lakini yeyote mwenye baiskeli, kifunguo cha spoku na rafiki mjanja anaweza kujaribu.

DAWA YA MTIKISIKO NI UPEPO

Wazee wa Ulaya walijifunza hivyo kwa maumivu. Miaka ya 1860, huko Ufaransa na Uingereza, baiskeli zilikuwa na magurudumu ya mbao yaliyozungushiwa ukanda wa chuma. Waingereza walizipa jina lenye maana ya mtikisa mifupa. Baadaye zikaja spoku za waya na mipira isiyo na upepo ndani. Mtikisiko ulipungua kidogo tu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, alipata hati ya tairi la upepo. Alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Hakuwa wa kwanza kuwaza jambo hilo, lakini tangu wakati huo ndipo tairi la upepo lilipoenea. Hata aliyetuletea nafuu hakugusa spoku.

Sasa wewe uliyejifunza kusoma, nenda ukasome ubavu wa tairi lako. Futa tope kwanza. Huenda utakuta 28 x 1½. Namba ya kwanza ni ukubwa wa gurudumu kwa inchi. Namba ya pili ni unene wa tairi: inchi moja na nusu, karibu sentimita 4. Tairi nene zaidi hubeba upepo mwingi na hutuliza mtikisiko zaidi, lakini lazima lilingane na rimu yako. Matairi mengi yameandikwa pia kiasi cha upepo kinachofaa. Usizidishe kiasi hicho.

Watu wetu wengi hujaza tairi mpaka liwe kama jiwe, kisha husema spoku ni ngumu. Wengine huenda na tairi nusu tupu, na gunia juu. Hilo nalo ni baya. Tairi likikosa upepo, rimu hugonga jiwe na kuubana mpira wa ndani. Utaona matundu mawili yaliyokaribiana, kama ya meno ya nyoka. Ukiwa na mzigo, jaza vizuri nyuma. Ukirudi bila mzigo, punguza kidogo. Kidole gumba kitakufundisha baada ya siku chache. Na pampu moja ya watu kumi ni rahisi kuliko spoku nene za mtu mmoja.

Kuhusu kiti: kikiwa chini mno, magoti huuma kwa mbele. Kipandishe mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini, goti likunjike kidogo tu. Kuhusu viganja: kidole cha mwisho na jirani yake vikifa ganzi, ni kwa sababu unaegemea mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande huo. Badilisha mshiko mara kwa mara, na usinyooshe viwiko. Na ukifika kwenye shimo, inuka kidogo kutoka kwenye kiti. Miguu yako ni springi nzuri kuliko zote.

SPOKU ZILIZOLEGEZWA

Sasa nirudi kwa lile kundi linaloomba spoku zilegezwe ili mgongo upumzike. Hao nawaomba waache. Nafuu hawaipati, na hatari wanaipata.

Gurudumu halibonyei sana kutoka juu kwenda chini. Lakini kwa ubavu ni dhaifu. Kinacholizuia kuyumba kushoto na kulia ni mvuto wa spoku za pande mbili. Spoku zikilegea, rimu inayumba, inasugua breki, na siku moja kwenye shimo, mzigo ukiegemea upande, inapinda kama chapati. Tena spoku iliyolegea huchoka upesi kuliko iliyokazwa. Kila mzunguko inacheza, inavutwa na kuachiwa. Chukua waya, ukunje na kuukunjua mara nyingi, utakatika. Spoku hukatika vivyo hivyo, hasa pale inapopinda kuingia kwenye habu. Ikikatika moja, jirani zake hubeba mzigo wake, nazo hufuata.

Usiku mmoja wa masika mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu alikuwa akipelekwa kituo cha afya kwa baiskeli. Pikipiki hazikuweza kupita kwenye tope. Mumewe alikuwa amelegeza spoku majuma mawili kabla, kwa sababu ya kiuno chake. Mbili zilikuwa zimekatika, naye aliona, akasema atazinunua mnadani. Kabla ya kufika, gurudumu la nyuma lilipinda na wote wawili wakaanguka. Mama alijifungua kando ya njia, kwa mwanga wa tochi ya simu. Mtoto alilia. Mama alipoteza damu nyingi, lakini aliwahi kufikishwa, akapona. Mume alinieleza habari hizo kesho yake akiwa ameshika kofia mkononi, hakunitazama usoni. Mjamzito hafai kubebwa hivyo kama kuna njia nyingine. Afadhali asogee karibu na kituo kabla ya siku zake kutimia. Lakini kama baiskeli ndiyo pekee, basi iwe na spoku zote.

Kupima ni rahisi. Inua gurudumu, ulizungushe, utazame kama rimu inayumba. Kisha piga spoku moja moja kwa ukucha, kama unapiga zeze. Zile za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Isiyolia imelegea. Fundi ataikaza kwa dakika moja.

Kuna jambo moja la spoku ambalo hunitia hofu kuliko yote, nalo halina uhusiano na ugumu. Ni mguu wa mtoto. Mtoto mdogo hukalishwa nyuma kwenye keria, miguu ikining'inia. Akisinzia, mguu huingia kwenye gurudumu. Spoku, ziwe nene au nyembamba, huuvuta na kuubana kwenye fremu. Kisigino huchunika, kifundo huvunjika.

Likitokea, simama mara moja. Usiuvute mguu kwa nguvu. Rudisha gurudumu nyuma taratibu, au kata spoku. Mguu ni ghali kuliko spoku. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, zuia mguu usicheze, umlete mtoto zahanati siku hiyohiyo. Usipake majivu wala mafuta ya breki. Usidanganyike kwa jeraha dogo. Ngozi iliyobanwa inaweza kuonekana nzima leo, na baada ya siku chache ikawa nyeusi na kufa. Pia tutatazama kama mfupa umevunjika, na kama mtoto anahitaji sindano ya pepopunda.

Kinga yake ni dumu bovu la plastiki. Likate bapa mbili, uzitoboe, uzifunge kwa waya pande zote mbili za gurudumu la nyuma, kwenye fremu na nguzo za keria, zisiguse spoku. Weka na vyuma viwili vya kukanyagia miguu. Fundi wetu ameshatengeneza kinga za namna hiyo kwa baiskeli tatu, bei yake ni ndogo kuliko ya spoku nene. Ya kwanza aliifunga kwenye baiskeli yake mwenyewe, ile tuliyoijaribu chini ya mwembe, kwa ajili ya mjukuu wake. Spoku zake bado ni za kawaida.